Mikono ya Fundi: Stori ya Glavu ya Mpira, 1746 Mpaka Gereji ya Anko

Siku ukienda gereji, usiangalie gari. Angalia mikono ya fundi. Utaona grisi imeingia kwenye kucha, kovu la radieta iliyomchoma kitambo, kidole kilichobanwa na jeki. Mikono ya anko wangu imekuwa hivyo kwa miaka 22 na sijawahi kumsikia akilalamika. Sasa mkono wake wa kulia una kovu jipya, pana, linalong'aa kama plastiki, na vidole viwili havikunjiki vizuri. Kikombe cha chai anashika na kushoto.

Hakuchomwa na radieta. Alichomwa na Aqua.

Mwaka jana mteja alileta Toyota Aqua, haibridi, taa ya onyo inawaka kwenye dashibodi. Anko akatoa betri ndogo ya volti 12, akajua amemaliza stima. Akang'oa kiti cha nyuma, akafungua kifuniko cha ile betri kubwa, akaanza kulegeza nati. Alikuwa amevaa glavu. Hiyo sehemu nataka uikumbuke, kwa sababu watu husema mafundi wetu hawajali. Alikuwa amevaa glavu, zile za njano za kuoshea vyombo, za supermaketi. Spana ikateleza, ikagusa ncha mbili kwa pamoja. Anasema alisikia mlio kama chupa ya soda imepasuka na akaona weupe tu. Glavu iliyeyuka ikashikana na kiganja.

Nilipomsimulia jamaa mmoja niliyesoma naye chuo, akacheka. Akasema, "Buda, hao wasee wa jua kali hawana akili. Nani anashika betri ya haibridi na glavu ya jikoni?" Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, nilikuwa nasoma uhandisi wa umeme, karo ikakataa. Kabla sijatoka nilikuwa nimeshakaa kwenye somo zima la usalama wa maabara, kwenye kiti, na feni juu. Anko hajawahi kukaa kwenye somo kama hilo hata dakika moja. Kwa hivyo hilo neno "hawana akili" lilinikaa vibaya, nikaanza kusoma. Nilitaka kujua nani duniani alizaliwa akijua kushika stima.

Hakuna. Na wa kwanza kuumia walikuwa maprofesa.

Mwanzoni mwa 1746, Pieter van Musschenbroek, profesa wa mji wa Leiden kule Uholanzi, aliandikia wenzake Paris barua. Alikuwa na chupa ya kioo yenye maji, waya umeingia ndani, na mashine ya kutoa umeme kwa msuguano. Alishika chupa kwa mkono mmoja, ule mwingine ukagusa mahali pasipofaa, na mwili wake wote ukatikisika mpaka akadhani amekufa. Akawaambia hawezi kurudia hata akipewa ufalme wote wa Ufaransa. Wafaransa waliposikia, unadhani walifanya nini? Walijaribu wenyewe. Padri mmoja mwanasayansi, Jean-Antoine Nollet, aliwapanga askari 180 wa mfalme wakashikana mikono, akawapitishia stima ya ile chupa, wote wakaruka kwa wakati mmoja. Mfalme Louis wa 15 alikuwa pale akitazama. Hiyo ndiyo ilikuwa kontenti ya wakati ule, na mimi siwezi kuwahukumu.

Lakini shika kitu kimoja kuhusu ile chupa. Iliweka umeme na kukaa nao. Mashine imezimwa, hakuna kinachozunguka, hakuna mlio, na bado inakungoja. Leo chupa hiyo ina jina lingine, inaitwa kapasita, na iko ndani ya inveta ya kila haibridi unayoona Thika Road. Ndiyo maana vitabu vya Toyota humwambia fundi akishakata betri kubwa asubiri dakika 10 kabla ya kugusa chochote. Zile dakika 10 ni za ile chupa ya Leiden kumwaga umeme wake.

Miaka saba baadaye, 1753, Georg Wilhelm Richmann, profesa wa St Petersburg, aliweka chuma kutoka paa la nyumba hadi chumbani ili apime umeme wa radi. Mvua ikaja. Aliinama asome kipimo, radi ikampiga pale pale, akafa. Profesa, mwanachama wa akademia ya sayansi ya Urusi. Sasa niambie ni nani hana akili.

Kwa zaidi ya miaka 100 hivi stima ilibaki kitu cha maabara. Ilipotoka nje ikaingia mitaani, mtu wa kuumia akabadilika. Hakuwa tena profesa. Alikuwa kijana anayelipwa kupanda mlingoti.

Manhattan, New York, tarehe 11 Oktoba 1889, saa za lanchi. John Feeks, mfanyakazi wa nyaya wa kampuni ya simu za telegrafu ya Western Union, alikuwa juu kwenye msitu wa nyaya. Nyaya za telegrafu zina stima kidogo sana, alikuwa amezizoea. Hakujua kwamba mitaa kadhaa mbali, waya mmoja wa telegrafu ulikuwa umegusana na waya wa taa wenye volti nyingi. Alipoushika, stima iliingia kwa mkono wa kulia usio na glavu, ikatokea kwenye kiatu cha mguu wa kushoto kilichokuwa na misumari ya kupandia. Alikufa papo hapo, lakini mwili haukuanguka. Ulinasa kwenye nyaya, ukawaka na kutoa moshi karibu saa nzima, na chini maelfu ya watu waliotoka kula lanchi wamesimama wanaangalia.

Soma tena alivyokufa Feeks, halafu rudi kwa anko. Feeks aliamini anashika waya wa stima kidogo. Anko aliamini kwamba akitoa betri ya volti 12 gari limelala. Wote wawili walikuwa wanafuata kitu walichofundishwa, na kilikuwa kweli mpaka juzi tu. Kitu kipya kilikuwa kimeingia ndani ya kile cha zamani na hakuna aliyekuja kuwaambia.

Watu wa New York walimchangia mjane. Kampuni za stima nazo zilikuwa na vita vyao. Thomas Edison alikuwa anauza stima ya DC, George Westinghouse anauza AC, na kila maiti ilikuwa hoja. Edison aliandika makala mwezi uliofuata kuonyesha stima ya mwenzake inaua. Agosti 1890, jimbo la New York likamnyonga mtu kwa stima kwa mara ya kwanza, William Kemmler, kwenye kiti cha umeme, na hiyo stima ilikuwa AC. Yaani wakubwa walishughulika sana kuonyesha ni stima ya nani inayoua. Swali la mfanyakazi avae nini lilikuja nyuma.

Waliouliza hilo swali ni wafanyakazi wenyewe. Novemba 1891, watu wa nyaya walikutana mji wa St. Louis, wajumbe 10 tu, wakaanzisha chama. Rais wao wa kwanza alikuwa Henry Miller, mtu wa nyaya kama wao. Aliendelea kupanda milingoti akiwa rais, na mwaka 1896, akirekebisha nyaya Washington baada ya dhoruba, alipigwa na stima, akaanguka, akafa. Chama chenyewe bado kipo, kinaitwa IBEW. Mafunzo, uanagenzi, idadi ya watu wanaotakiwa kuwa kwenye kazi ya hatari, hayo yote walibishania miaka na miaka, na mengi yakaja kuwa sheria.

Sasa glavu yenyewe. Hapa stori inanipeleka mahali ambapo sikutegemea, kwa hivyo nivumilie kidogo.

Mpira wa kawaida kutoka mtini huyeyuka kwenye joto na kukatika kwenye baridi. Mwaka 1839 Charles Goodyear, Mmarekani, aligundua kwamba ukiuchemsha na salfa unakuwa mgumu na unavutika. Miaka 50 baadaye, majira ya baridi ya 1889 kuingia 1890, miezi ile ile Feeks amezikwa, daktari William Halsted wa hospitali ya Johns Hopkins aliomba kampuni ya mpira iitwayo Goodyear imtengenezee glavu nyembamba. Nesi wake, Caroline Hampton, alikuwa anababuka mikono kwa dawa ya kuua vijidudu. Glavu zikaja, mikono ikapona, na wakaoana mwaka huo huo. Kwa hivyo glavu ya mpira ya hospitali ilianza kama zawadi ya kulinda mikono ya mtu fulani aliyependwa. Mimi napenda hiyo stori, sitakataa.

Lakini mpira wa dunia ulitoka wapi wakati huo? Mwaka 1888 John Dunlop alitengeneza tairi la upepo na kila mtu akataka mpira: matairi, mabomba, na kufunika nyaya za stima zisimpige mtu. Mwingi ulitoka Amazon, na mwingine ulitoka Kongo, ambayo kuanzia 1885 hadi 1908 ilikuwa mali binafsi ya mfalme Leopold wa pili wa Ubelgiji. Kila kijiji kilipangiwa kiasi cha mpira. Kisipotimia, askari walitumwa. Na kila risasi ilitakiwa kuonyeshwa imetumika vipi, kwa hivyo askari walirudi na mikono iliyokatwa kama ushahidi. Kuna picha ya 1904 iliyopigwa na mmisionari Alice Seeley Harris. Mwanamume anayeitwa Nsala ameketi barazani akiangalia mkono na mguu wa binti yake mdogo, vimewekwa mbele yake. Ukiiona hutaisahau.

Nilipofika hapo nilifunga simu nikatoka nje kidogo. Nilikuwa natafuta historia ya kitu cha kulinda mikono.

Na si mambo ya kale peke yake. Kobalti inayoingia kwenye betri nyingi za lithiamu za magari ya umeme, zaidi ya nusu ya ile yote inayochimbwa duniani, inatoka Kongo hiyo hiyo, upande wa Kolwezi, kwa watu wanaoongea Kiswahili kama sisi, na kuna wanaoichimba kwa mikono mitupu. Hiyo ni makala ya siku nyingine.

Turudi gereji. Kati ya Feeks na anko kuna kipande cha historia ambacho nadhani ndicho kinaeleza ajali yake kuliko kingine chote, na hakina maiti hata mmoja.

Magari ya umeme si mapya. Gari la kwanza duniani kuvuka kilomita 100 kwa saa lilikuwa la umeme: Camille Jenatzy, Mbelgiji, karibu na Paris, Aprili 1899, kilomita 105.88 kwa saa, kwenye kitu kilichofanana na torpido yenye magurudumu. Mke wa Henry Ford mwenyewe, Clara, aliendesha gari la umeme, Detroit Electric, wakati mume wake anauzia dunia ya petroli. Halafu 1912 Cadillac ikaleta stata ya umeme, hakuna tena kuzungusha hendeli mpaka mkono uvunjike, petroli ikawa bei ya chini, na magari ya umeme yakapotea. Kilichobaki kwenye gari kikawa betri ndogo. Volti 6, baadaye 12.

Volti 12 hazikupigi. Ngozi kavu inazikataa. Kwa hivyo kwa karibu miaka 100 makanika wa dunia nzima, si wa Nairobi pekee, walifundishana kwamba stima ya gari ni ya kuchezea. Unagusa. Unapiga cheche kwa waya uone kama betri iko hai. Unashika ncha na vidole huku unaongea na mteja. Mwalimu wa anko alimfundisha hivyo, na mwalimu wa mwalimu wake pia. Ulikuwa ujuzi halisi na ulifanya kazi kila siku kwa miaka 100.

Desemba 1997 Toyota wakaanza kuuza Prius kule Japani. Betri yake: volti 288.

Wacha nifafanue kwa nini hiyo namba ni kitu tofauti kabisa. Huko chuo kikuu cha Berkeley, California, profesa Charles Dalziel alitumia miaka mingi kupima stima inamfanya mtu nini. Alipata watu wa kujitolea, wanaume 134 na wanawake 28, akawashikisha waya na kuongeza stima polepole mpaka washindwe kuuachilia. Kwa stima ya AC, wastani wa wanaume walishindwa kwenye miliampia 16 na wanawake kwenye 10.5. Chaja ya simu yako inaweza kupitisha miliampia 2,000. Haikuui kwa sababu volti 5 haziwezi kusukuma hizo miliampia kupita ngozi yako. Volti 288 zinaweza. Ndiyo maana kanuni za magari za Umoja wa Mataifa zinahesabu DC yoyote inayozidi volti 60 kuwa ya hatari, na zinataka nyaya zake zifunikwe kwa rangi ya chungwa. Ukifungua boneti ukaona waya wa rangi ya chungwa, huo si urembo. Dalziel mwenyewe, mwaka 1961, alitengeneza kile kifaa cha kukata stima mara tu inapovuja kupitia mtu, na leo kiko kwenye bafu nyingi za Marekani.

Aqua ya mteja wa anko ina vipande 20 vya betri, kila kimoja volti 7.2, jumla 144, na inveta inazipandisha mpaka 520. Kuna plagi ya rangi ya chungwa ya kukata mnyororo wa hivyo vipande. Ukiitoa, ile njia nzima inakatika. Lakini vipande vyenyewe haviwezi kuzimwa. Betri haina swichi ya ndani. Ukifungua kifuniko uko na stima mbele yako, plagi iko nje au ndani. Na stima ya DC ina tabia mbaya zaidi: AC ya nyumbani inashuka hadi sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hivyo cheche inapata nafasi ya kufa. DC haishuki. Cheche ikianza inaendelea kula chuma.

Kwa hivyo anatakiwa awe na nini? Glavu za mpira za daraja 0, zinazokubalika hadi volti 1,000 za AC, ambazo kiwandani zimejaribiwa kwa volti 5,000. Juu yake glavu za ngozi, kwa sababu mpira ukichomwa na ncha ya waya hata tundu dogo kama la sindano, umekwisha. Kabla ya kuvaa unaikunja kuanzia mlangoni kuelekea vidoleni kama unavyobana tyubu ya dawa ya meno, hewa inajaa, unasikiliza kama inatoka. Sheria za kazi za Marekani zinataka zijaribiwe upya kila miezi 6. Na usiishie kwenye glavu. Nimesoma mpaka nikakubali kwamba glavu peke yake hazingemtosha anko siku ile, kwa sababu kilichomchoma ni spana ya chuma tupu iliyounganisha ncha mbili. Alihitaji spana iliyofunikwa, ile yenye alama ya pembetatu mbili na maandishi 1000 V. Alihitaji miwani ya kufunika uso. Alihitaji mita inayostahimili volti hizo ili apime kabla ya kugusa. Alihitaji mtu wa pili karibu mwenye fimbo ya kumvutia nje bila kumgusa. Na pete yake ya ndoa ilitakiwa iwe mfukoni. Ilikuwa kidoleni.

Japani fundi wa Toyota alifundishwa hayo. Ujerumani kuna ngazi za mafunzo na huruhusiwi kufungua betri bila kufika ya juu. Lakini hesabu hii nimeifanya mwenyewe na naomba uifikirie. Kenya tunakubali gari kuukuu lisilozidi miaka 8. Gari linatumika Japani likiwa jipya, betri iko sawa, fundi wao aliyefundishwa vizuri anabadilisha oili na kusafisha feni. Miaka 7 inafika, linapandishwa meli, linashuka Mombasa. Ni huku kwetu ndiko vile vipande vya betri vinaanza kufa. Ni huku ndiko kifuniko kinafunguliwa. Mwenye glavu alipewa gari likiwa zima, na asiye na glavu akapewa siku ya kulipasua.

Gari linakuja na mati, redio inayoongea Kijapani, hata stika za gereji ya kule. Kitabu cha usalama hakiji, na kikija ni Kijapani.

Sheria je? Tunayo. Tulikuwa na sheria ya viwanda tangu 1950, enzi ya mkoloni, iliyofikiria kiwanda chenye ukuta na meneja. Mwaka 2007 ikaja sheria mpya ya usalama na afya kazini, na hii inagusa kila mahali mtu anapofanya kazi. Mwajiri anatakiwa kuwapa watu wake vifaa vya kujikinga. Nzuri sana. Sasa niambie mwajiri wa anko ni nani. Anakodi nafasi ya gari mbili kwa mzee mwenye ploti. Vijana wawili wanaojifunza kwake wanalipwa kwa kazi ya siku. Mteja analeta spea mwenyewe. Mwaka 1972 shirika la kazi duniani, ILO, lilituma wataalamu hapa Kenya, na ripoti yao ndiyo iliyofanya dunia iongee kuhusu "sekta isiyo rasmi". Waliona kwamba hawa watu si wavivu, wanazalisha, wanafundishana, na serikali inawasumbua tu badala ya kuwasaidia. Zaidi ya miaka 50 imepita. Serikali ilikuja kujenga vibanda, ikaandika sera ya jua kali 1992, na neno lenyewe tukalipenda mpaka likawa fahari. Lakini kwenye suala la nani anamnunulia glavu, bado tuko pale pale. Watu wa St. Louis walikuwa na kampuni ya kugomea. Anko akigoma anagomea nani?

Nilienda kumtafutia glavu. Mtaa wa maduka ya umeme, tauni, maduka manne. Wawili walinionyesha glavu nyeusi za mpira mzito, hazina alama yoyote, wakasema "hizi ni za stima kabisa". Wa tatu alicheka. Wa nne alikuwa nazo kweli, daraja 0, alama nyekundu, tarehe ya kujaribiwa imeandikwa, na bei yake pamoja na za ngozi ilikaribia kodi ya bedsitta yangu. Nikanunua jozi moja. Spana zilizofunikwa tulichanga na wale vijana wawili na jirani wa kupaka rangi, seti moja ya watu watano.

Jumamosi iliyopita haibridi nyingine iliingia, Axio. Nilikuwa pale na simu nataka kurekodi, anko akanifukuza karibu na gari kwanza. Pete alikuwa ameacha nyumbani. Akazima gari, ufunguo akauweka mbali ndani ya kopo, akatoa betri ndogo, akavaa glavu, akaikunja ile ya kulia akasikiliza kwa sikio kama mtu anayesikiliza saa. Mkono ule wa kovu haukutaka kuingia vizuri, kijana mmoja akamsaidia kuvuta. Akachomoa plagi ya rangi ya chungwa.

"Sasa unaiweka wapi?" nikamwuliza.

"Kwa mfuko wangu," akasema. "Ikiwa kwa mfuko wangu hakuna mtu anaweza kuirudisha nikiwa ndani."

Kitabu cha Toyota kinasema hivyo hivyo. Mimi sikuwa nimemwambia. Alikuwa ametafsiriwa na kijana wake kutoka kwa video ya mtu wa Ghana.

Tukakaa kwenye benchi. Niliweka saa ya simu dakika 10. Anko akaanza kumlaumu kipa wa Gor Mahia. Dakika ya sita mteja akaja kutoka kwa kibanda cha chai, akatuona tumekaa, akauliza kama tunalipwa kukaa.

"Bado dakika nne," anko akamwambia, akapigapiga mfuko.